Ethilini ya Tani na Ethilini ya Gramu

Kila kiwanda cha sukari kinapofungwa au kufunguliwa upya huku Magharibi mwa Kenya, hoja moja hurudi mezani. Husemwa kwamba muwa wetu huishia kwenye sukari kwa sababu ya uvivu wa kufikiri: ndani ya molasi kuna spiriti, ndani ya spiriti kuna gesi ya ethilini, na ndani ya ethilini kuna plastiki. Iweje basi nchi iendelee kupokea chembechembe mpya za plastiki kutoka ng'ambo kupitia bandari ya Mombasa, huku miwa iliyokomaa ikikauka mashambani Matungu na Navakholo? Hoja hiyo ni sahihi kikemia katika kila hatua yake, na ndiyo maana inavutia. Hesabu yake ndiyo isiyosimama. Nitajaribu kuonyesha kwamba ethilini ina masoko mawili, moja linalohesabu kwa tani na jingine linalohesabu kwa gramu. Katika lile la tani kaunti yetu ya Kakamega haina njia ya kushinda kwa miaka mingi ijayo. Katika lile la gramu ina karibu kila kitu kinachohitajika, na bado haijabisha hodi.

Tuanze na gesi yenyewe. Molekuli ya ethilini ina atomu mbili za kaboni na nne za haidrojeni, basi. Haina rangi, ina harufu hafifu ya utamutamu, na ni nyepesi kidogo kuliko hewa. Hugeuka kioevu inapopozwa hadi nyuzi 104 hivi chini ya sifuri, na jambo hilo linaloonekana dogo kitabuni ndilo linaloamua viwanda vijengwe wapi. Gesi ya aina hii haipakiwi kwenye lori kama mafuta taa. Hupitishwa kwenye bomba au hubebwa na meli zenye matangi ya baridi kali, kwa hiyo anayeitengeneza hutaka anayeitumia awe jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Huwaka upesi pia: hewa yenye ethilini kuanzia asilimia 2.7 hadi 36 inaweza kulipuka. Lakini sifa iliyoipa utajiri ni kifungo maradufu kilichoko kati ya kaboni zake mbili. Chukua watu wawili walioshikana kwa mikono yote miwili. Kila mmoja akiachia mkono mmoja, bado wameshikana, na kila mmoja sasa ana mkono huru wa kumshika jirani. Molekuli maelfu zikifanya hivyo kwa mfululizo, gesi inakuwa mnyororo mrefu mgumu kiasi, nao ndio polithini ya mtungi wa maji, ya tangi jeusi kando ya nyumba, ya kifuniko cha kitalu. Ikiungana na klorini, mwisho wa safari ni bomba la PVC. Ikiungana na oksijeni hupatikana oksidi ya ethilini, gesi ya sumu inayoua vijidudu kwenye mabomba ya sindano yaliyokwisha kufungwa pakitini, na ambayo pia ni njia ya kufikia nyuzi za poliesta na chupa za soda. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 150 za ethilini kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake huenda kwenye polithini.

Wanaopenda hoja ya miwa wana historia upande wao, na haki hiyo tusiwanyime. Ethilini ilifahamika kwa wanakemia kupitia kileo muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuitoa kwenye mafuta ya petroli. Mwaka 1795 wanakemia wanne wa Uholanzi walieleza gesi waliyoipata kwa kupasha moto kileo pamoja na asidi ya salfuriki, na jinsi gesi hiyo ilivyogeuka mafuta ilipokutana na klorini. Polithini nayo iligunduliwa kwa bahati tarehe 27 Machi 1933 kwenye maabara ya kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, pale Reginald Gibson na Eric Fawcett walipoweka ethilini na kemikali nyingine chini ya shinikizo kubwa mno, wakakuta kitu cheupe mithili ya nta kimebaki ndani ya chombo. Ilichukua hadi mwaka 1935 kwa wenzao kujua namna ya kulirudia jaribio hilo bila kulipua mtambo. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi tarehe 1 Septemba 1939, siku ile Ujerumani ilipoivamia Polandi, na polithini yake ikaenda kufunika nyaya za rada. Ethilini ya kazi hiyo yote ilitoka kwenye kileo, maana Uingereza ya wakati huo haikuwa na mitambo mikubwa ya kupasua mafuta. Kwa hiyo anayesema kwamba plastiki inaweza kutoka kwenye spiriti hasemi jambo la ajabu. Anasema jambo lililofanyika, kisha likaachwa. Swali la maana ni kwa nini liliachwa.

Liliachwa kwa sababu ya mizani. Kuigeuza ethanoli kuwa ethilini ni kazi rahisi: unapitisha mvuke wa ethanoli juu ya kichocheo cha alumina kwenye joto la nyuzi 300 hadi 450, na kila molekuli inaachia molekuli moja ya maji. Sasa pima. Kilo 46 za ethanoli zinakupa kilo 28 za ethilini na kilo 18 za maji. Yaani asilimia 39 ya kitu ulichokilima, ukakisaga, ukakichachusha na kukichemsha kwa gharama, inatoka upande wa pili ikiwa maji ambayo hayana mnunuzi. Hata kama mtambo ungekuwa wa bure na moto wake wa bure, kilo ya ethanoli ingepaswa kuuzwa kwa chini ya theluthi mbili za bei ya kilo ya ethilini ili mwenye mtambo asile hasara. Mshindani wake anaanzia wapi? Katika Ghuba, kuanzia Jubail ya Saudi Arabia hadi Sohar ya Omani, malighafi mojawapo kuu ni ethani, gesi inayotenganishwa na gesi asilia inayochimbwa huko. Ethani hupitishwa pamoja na mvuke wa maji ndani ya mirija yenye joto la zaidi ya nyuzi 800 kwa muda usiofika sekunde moja, kisha hupozwa ghafla, hushindiliwa na kutenganishwa kwa baridi kali. Kilo 30 za ethani zikiachia haidrojeni yake hubaki 28. Kwenye karatasi anapoteza asilimia 7 hivi, na haidrojeni anayoipoteza anaichoma kupashia mirija ileile. Sisemi kwamba mtambo wa kweli hufikia ukamilifu huo, hakuna unaoufikia. Nasema tu kwamba mmoja anaanza mbio akiwa na mzigo wa oksijeni mgongoni, na oksijeni hiyo ndiyo iliyoifanya ethanoli kuwa ethanoli.

Kuna watakaosema kwamba basi tusubiri mafuta na gesi zetu wenyewe. Hapa nitapita haraka. Gesi ya Songo Songo nchini Tanzania ni methani karibu yote, asilimia 97 hivi, na methani haina kaboni mbili za kugeuzwa ethilini kwa njia hii. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa mwaka 2012, yana nta nyingi, na anayetaka kuyafanya ethilini atahitaji kwanza kiwanda cha kuyasafisha, halafu mtambo wa kupasua, halafu soko la mamilioni ya watu linalonunua kila siku bila kukatika. Kwa sasa polithini ya Afrika Mashariki itaendelea kuja melini.

Turudi nyumbani, kwenye kiwanda cha sukari cha Mumias, ambako hesabu inaweza kufanywa kwa takwimu zinazojulikana. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na mwaka 2012 kikaongeza mtambo wa ethanoli wenye uwezo wa lita milioni 22 kwa mwaka. Tani moja ya ethilini hudai zaidi ya lita 2,000 za ethanoli, kwa hiyo mtambo huo ukifanya kazi mwaka mzima bila kupumzika, na kila tone lake likigeuzwa, ungetoa tani 10,000 hivi za ethilini. Mtambo wa kawaida wa kisasa wa kupasua ethani, wenye uwezo wa tani milioni moja kwa mwaka, hutoa kiasi hicho kwa muda usiofika siku nne. Na si miwa michache inayodaiwa. Tani ya miwa huacha kilo 40 hivi za molasi, na tani ya molasi hutoa lita 230 au 240 za ethanoli. Ukirudisha hesabu nyuma, lita milioni 22 zinataka zaidi ya tani milioni mbili za miwa, ambazo ni karibu kila kilichosagwa na Mumias ya enzi zake nzuri. Enzi hizo hazikudumu. Miwa ilipungua, mingine ikakatwa machanga na kupelekwa kwa wasagaji wengine, wakulima wakakaa bila malipo, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu wa benki inayoidai. Mtambo wa ethanoli ulikosa molasi kabla ya kukosa wanunuzi. Somo hilo lina uzito kwetu, kwa kuwa ethilini ni kazi isiyovumilia vipindi. Mtambo wa kutengeneza polithini ukizimwa na kuwashwa kila molasi inapokatika, unatoa polithini ya daraja tofauti kila juma, na mtengenezaji wa mitungi hatainunua hata kama imetoka kijijini kwake. Tusisahau pia kwamba molasi ina wateja wengine: mfugaji anayechanganya na majani makavu, na wapika chang'aa, ambao hawangoji tenda.

Nitaulizwa habari za Brazili, na ni haki kuulizwa. Kampuni ya Braskem ilifungua mwaka 2010 huko Triunfo, katika jimbo la Rio Grande do Sul, mtambo wa kutengeneza tani 200,000 za ethilini kwa mwaka kutokana na ethanoli ya miwa, na baadaye ikaupanua hadi tani 260,000. Unafanya kazi hadi leo. Lakini tazama unasimama juu ya nini. Brazili husaga zaidi ya tani milioni 600 za miwa kwa mwaka. Kenya nzima, katika mwaka mzuri, iko chini ya milioni 10. Brazili ina ethanoli nyingi kwa sababu magari yake yanaichoma tangu miaka ya 1970, kwa hiyo soko la mafuta ndilo lililojenga mashamba, mabomba, maghala na matangi, na plastiki ikaja baadaye ikachukua sehemu ndogo ya ziada. Mtambo wa Triunfo pia ulijengwa ndani ya eneo lililokwisha kuwa na mitambo ya polithini, ukaingiza gesi yake kwenye mnyororo uliopo. Halafu plastiki yake inauzwa kwa bei ya juu kuliko ya kawaida, kwa kampuni zinazotaka kuandika kwenye chupa kwamba imetoka kwenye mmea. Wanunuzi hao hawana njia ya kuitambua kwa macho wala kwa kuigusa, maana molekuli ni ileile. Huhakikisha kwa kupima kaboni-14, ambayo imo kwenye mmea wa jana na imekwisha kutoweka kwenye mafuta yaliyozikwa mamilioni ya miaka. Mfano unaotufaa zaidi, nadhani, ni wa India. Huko Kashipur kampuni ya India Glycols imetengeneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 glaikoli na jamaa zake kutokana na ethanoli ya molasi, kupitia ethilini. Waliacha kabisa kushindana kwenye polithini. Walichagua bidhaa ambazo oksijeni inarudishwa ndani ya molekuli, hivyo mizani haiwaumizi sana, na wakakaa katikati ya eneo lenye viwanda vingi vya sukari. Hata hivyo, idadi ya viwanda hivyo ni kubwa mara nyingi kuliko ya vyetu vya Butali, Kabras na Mumias vikijumlishwa na vya majirani.

Kuna pingamizi jingine linalotoka upande wa pili, kwa wale wanaoona kwamba mjadala mzima umepitwa na wakati. Wanasema: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumika mara moja ndani ya mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa, ukiwemo msitu wetu wa Kakamega. Kwa nini basi tuzungumzie ethilini kana kwamba ina mustakabali? Jibu ni kwamba sheria ile ililenga juala lililotumika dakika kumi na kubaki mtaroni miaka mingi. Haikulenga mnyororo wa kaboni wenyewe. Mkulima wa Malava anayehifadhi mahindi kwenye mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka mbili za polithini ndani ya gunia, anawanyima dumuzi na fukusi oksijeni bila kunyunyiza dawa hata kidogo. Bomba linaloleta maji ya mserereko kutoka chemchemi ya kilimani ni polithini. Uimara unaolifanya juala kuwa kero ndio unaolifanya bomba kuwa na thamani. Na hapa ndipo jina la plastiki ya kijani linapopotosha: polithini ya miwa ikitupwa kwenye mto Isiukhu itakaa humo muda uleule ambao ingekaa ya Jubail. Faida yake ya kaboni hupatikana shambani, wakati muwa unapovuta hewa ya ukaa, haipatikani jaani. Anayetaka kuirudisha mifuko kwa kisingizio kwamba imetoka Mumias atakuwa amechanganya asili ya kitu na mwisho wake.

Sasa nije kwenye upande ninaouona kuwa na manufaa, na ambao viwanda vya tani havina haja nao. Ethilini ni homoni ya mimea. Mwaka 1901 Dimitri Neljubow, mwanafunzi huko St Petersburg, alionyesha kwamba miche ya njegere iliyokuwa ikiota kwa kupindapinda ndani ya maabara ilikuwa ikisumbuliwa na ethilini iliyovuja kutoka kwenye gesi ya taa. Nchini Marekani wauzaji wa malimau walikuwa wakiyabadilisha rangi kwa kuyaweka chumbani na majiko ya mafuta taa. Waliamini ni joto linalofanya kazi. Mwaka 1924 Frank Denny wa wizara ya kilimo ya nchi hiyo akaonyesha kwamba ni ethilini iliyomo kwenye moshi. Miaka kumi baadaye Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tunda lenyewe hutoa gesi hiyo linapoiva. Mama anayefukia mkungu shimoni, akaufunika kwa majani ya mgomba na kuuelekezea moshi, anafanya yote mawili kwa pamoja: anafungia ethilini ya ndizi isitawanyike, na anaongeza ya moshi. Mbinu ni nzuri. Kasoro yake ni kwamba haina kipimo. Ndizi za juu na za chini huiva kwa siku tofauti, joto hupanda kupita kiasi, na mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kisumu au Eldoret hawezi kumwahidi mteja kwamba mikungu mia itakuwa na rangi moja siku ya Ijumaa.

Chumba cha kuivishia kinachotumiwa na wafanyabiashara wakubwa wa ndizi duniani kina mambo machache: joto la nyuzi 14 hadi 18, unyevu wa asilimia 90 na zaidi, na ethilini ya sehemu 100 hadi 150 kwa milioni kwa muda wa siku moja au mbili. Fanya hesabu ya chumba chenye mita za ujazo 100, kinachoweza kubeba mzigo wa lori. Sehemu 100 kwa milioni ni lita 10 tu za gesi, ambazo uzito wake ni gramu 12. Ili kuzipata unahitaji gramu 20 hivi za ethanoli, yaani mililita 25. Hata ukizidisha mara kumi kwa ajili ya uvujaji na kwa ajili ya kupitisha hewa safi, ambako ni lazima kwa vile hewa ya ukaa ikizidi asilimia moja huizuia ethilini isifanye kazi, bado hujamaliza kikombe kimoja cha spiriti. Mashine ya kazi hiyo ipo na inauzwa: ni kisanduku kinachokaa sakafuni, ndani yake kuna kichocheo kilichopashwa moto na umeme, na ethanoli hudondoka juu yake polepole. Ni kiwanda kizima cha Triunfo katika umbo la jiko. Hapa asilimia 39 inayogeuka maji haimuumizi mtu, maana tunazungumzia vijiko. Hatari ya mlipuko nayo iko mbali: sehemu 100 kwa milioni ni asilimia 0.01, ambayo ni chini ya kiwango cha kulipuka kwa mara 270. Linganisha na njia ya mkato ambayo wachuuzi katika nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, wameizoea. Wao huweka mawe ya kabaidi kati ya matunda. Kabaidi ikikutana na unyevu hutoa asetilini, binamu dhaifu wa ethilini, pamoja na mabaki ya aseniki na fosforasi ambayo hayafai kuwa karibu na chakula. Ganda linakuwa la manjano huku ndani bado pagumu. Mnunuzi anayelalamika kwamba ndizi za siku hizi hazina ladha huenda hakosei.

Pingamizi kubwa la upande huu nalijua, nalo ni la kweli. Vikombe vya spiriti havitamlipa mkulima wa miwa. Ethanoli yote ambayo vyumba vya kuivishia vya Kenya vingeweza kutumia kwa mwaka haitamaliza tangi moja la Mumias, na anayetafuta wokovu wa sukari asiutafute kwenye ndizi. Mkulima wa miwa atafaidika zaidi spiriti ikiuzwa kama spiriti, yaani kwa hospitali, kwa watengenezaji wa rangi na manukato, kwa majiko, ambako oksijeni yake inalipiwa badala ya kumwagwa. Na makapi yakiendelea kuchomwa ili kutoa umeme, jambo ambalo Mumias ilikwisha kulifanya. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nadhani kinashikika zaidi. Faida ya ethilini ya gramu humwendea mtu mwingine: mkulima wa ndizi wa Shinyalu au Khwisero anayeuza mkungu mbichi kwa dalali kwa bei ya kutupa kwa sababu hana udhibiti wa siku ya kuiva. Kakamega ina nafuu moja ambayo Mombasa haina. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na wastani wa joto letu ni nyuzi 20 na kitu, hivyo kushusha chumba hadi nyuzi 18 ni kazi ya mashine ndogo. Elimu ileile inatumika pia kwa kinyume chake. Parachichi likikaa karibu na ndizi zinazoiva huiva kabla ya kufika sokoni. Kifuko cha pamanganeti ya potasiamu ndani ya kreti hunyonya ethilini na kuongeza siku za safari. Hata muwa wenyewe uko ndani ya hesabu hii. Wakulima wa Afrika Kusini hunyunyizia miwa ethefoni, dawa inayooza ndani ya mmea na kutoa ethilini, ili sukari ipande kabla ya kukata. Ni dawa kidogo kwa eneo kubwa, na ongezeko linaonekana kwenye mizani ya kiwanda. Ni dawa inayodai kipimo na majira, na isiyo na maana yoyote mahali ambapo muwa ulioiva hungoja trekta kwa miezi.

Kikwazo halisi hakiko kwenye kemia wala kwenye gharama ya kisanduku. Kiko kwenye sheria za kileo. Ethanoli safi ni bidhaa ya ushuru, na serikali ina sababu nzuri za kuifuata kwa macho makali. Watu wa nchi hii wamekufa na kupofuka kwa vinywaji vilivyotiwa spiriti isiyofaa. Ndiyo maana ethanoli ya viwandani hutiwa kitu cha kuifanya isinyweke. Lakini kichocheo kilichomo ndani ya kisanduku hakipokei kila uchafu: baadhi ya vitu vinavyofaa kumzuia mnywaji vitakiziba, na baadhi vitatoa moshi usiofaa kuzunguka chakula. Chama cha ushirika cha wakulima wa ndizi kitakachotaka lita ishirini kwa mwaka kitajikuta kwenye foleni moja na mwenye kiwanda cha pombe, kikijaza fomu zilezile za leseni. Panahitajika daraja la tatu la ethanoli, lenye mchanganyiko uliokubaliwa kwa kazi hii, lililofungwa kwenye vyombo vidogo na kuuzwa kwa chama kilichosajiliwa, kwa daftari. Kuamua mchanganyiko huo uwe upi ni kazi ya maabara ya kemia, na maabara ya aina hiyo iko katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji wa Kakamega. Kuupitisha ni kazi ya Mamlaka ya Mapato pamoja na Shirika la Viwango. Spiriti yenyewe inaweza kutoka kwenye mtambo wa Muhoroni, na Mumias kila itakapokuwa na molasi.